Pikipiki Iliyotumika na Daftari Lake



Katika vijiji vyetu vya Mbulu na Hanang pikipiki ndiyo punda wa siku hizi. Inatoa gunia la vitunguu saumu Bashay, inarudi na mbolea. Inawahisha mama mjamzito Haydom usiku wa manane. Na wengi wetu hatununui mpya. Tunanunua iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, kwa fedha ya ng'ombe au ya mkopo. Mkopo nao hauulizi kama injini imekufa. Unataka marejesho yake tu.

Somo letu la leo ni namna ya kuitunza pikipiki ya namna hii. Mambo ya kadi na kubadilisha jina la mwenye mali hatutayagusa. Hilo ni somo zima peke yake.

Tunaanza na daftari

Utashangaa kwamba hatuanzi na spana. Sababu ni hii. Muuzaji atakuambia, "Mzee, oili nimebadilisha juzi tu." Huenda ni kweli. Huenda juzi yake ni mwaka jana. Wewe utajuaje? Fikiri mama anapompeleka mtoto kliniki bila kadi. Muuguzi habahatishi. Anamwandikia kadi mpya, anampima, anaanza. Nasi tufanye hivyo kwa pikipiki.

Nunua daftari dogo la shule. Chora mistari upate nafasi nne: tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika, gharama. Kilomita utazisoma kwenye saa ya pikipiki. Sasa, pikipiki nyingi kuukuu saa yake imekufa. Usikate tamaa. Andika lita za petroli unazotia. Tuseme pikipiki yako, kwa milima hii na mzigo, inakwenda kilomita 40 kwa lita moja. Ukishatia lita 35 umekwenda kilomita ngapi? 35 mara 40 ni 1,400. Umepata saa yako bila kununua saa.

Siku ya kwanza badilisha oili yote, safisha chujio la hewa, tazama plagi, pima cheni na fungua breki. Usimwulize muuzaji alifanya lini. Andika tarehe ya leo. Kuanzia hapo pikipiki ina historia, na historia hiyo ni yako.

Oili

Injini ndogo kama zetu, za CC 100 hadi 150, nyingi hubeba oili lita moja hivi. Lita moja tu! Na oili hiyo hiyo inalainisha injini, gia na klachi. Ikipungua robo lita, umepunguza robo ya kila kitu. Gari lina oili nyingi, linaweza kuvumilia kidogo. Pikipiki haivumilii.

Kila asubuhi kabla ya kupiga kiki, simamisha pikipiki wima mahali pa tambarare kwa stendi kubwa. Toa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kitoe tena, usome. Baadhi ya pikipiki zina kioo kidogo ubavuni badala ya kijiti. Oili iwe kati ya alama mbili. Usizidishe juu ya alama ya juu, ukidhani unaionea huruma injini.

Ikiwa bomba linatoa moshi wa bluu, injini inakula oili. Hapo usiache kupima hata siku moja, na anza kuweka akiba ya fundi. Ikiwa oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Usiiendeshe. Ibadilishe na utafute maji yameingilia wapi.

Kubadilisha je? Kitabu cha pikipiki kikiwepo, kifuate. Kisipokuwepo, sisi tunashauri isipite kilomita 1,500, kwa kuwa vumbi letu ni jingi na mizigo ni mizito. Washa injini dakika chache ipate joto, uzime, ndipo ufungue nati ya chini. Oili ya moto inatoka na uchafu wake. Ukirudisha nati usikaze kwa nguvu za fahali. Inapoingia ni aluminiamu, ni laini, itachubuka na utavuja njia nzima. Tia oili ya pikipiki ya injini hii. Pikipiki nyingi za kwetu hutumia 20W-50. Hakikisha kifuniko cha chupa hakijafunguliwa.

Oili chafu usiimwage kisimani wala mtoni. Watu na ng'ombe wanakunywa hapo. Iweke kwenye dumu, uipeleke kwa fundi anayezikusanya.

Vumbi

Wanaokumbuka mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO kule Basotu wanajua vumbi la Hanang wakati wa kiangazi. Injini inavuta hewa ile ile unayovuta wewe. Tofauti ni kwamba wewe unajifunga kitambaa. Kitambaa cha injini ni chujio la hewa, na likiziba pikipiki inakosa nguvu mlimani, inakula petroli na kutoa moshi mweusi.

Chujio la sponji lioshe kwa maji ya sabuni. Likamue kwa kulifinya, usilisokote kama nguo. Likauke kivulini, kisha ulipake oili kidogo na kulifinya tena. La karatasi halioshwi. Likung'ute taratibu, na likichakaa nunua jingine. Wapo vijana wanaotoa chujio kabisa ili pikipiki "ipumue". Ni kweli itapumua. Itapumua mchanga, na mchanga utasaga silinda.

Plagi nayo inasema. Ikiwa na rangi ya kahawia, mambo ni mazuri. Ikiwa na masizi meusi makavu, anza kutazama chujio. Ikiwa imelowa oili, rudi kwenye habari ya moshi wa bluu hapo juu.

Cheni

Cheni ikikatika katika mwendo inaweza kujikunja na kufunga gurudumu la nyuma. Inaweza pia kupasua kava ya injini. Basi si kitu cha kungoja kipige kelele.

Pima katikati, sehemu ya chini kati ya sproketi mbili. Isukume juu na chini kwa kidole. Icheze sentimita 2 hadi 3, yaani kama upana wa vidole viwili. Zungusha gurudumu upime mahali pengine pia, maana cheni kuukuu inalegea hapa na kukaza pale. Ikilegea, fungua nati ya ekseli, vuta pande zote mbili sawasawa kwa kufuata alama, kisha ukaze nati vizuri. Upande mmoja ukizidi, gurudumu linakaa upogo na cheni inakula sproketi.

Kila wiki isafishe kwa mafuta ya taa na brashi, ikauke, uipake oili ya gia. Grisi nyingi haifai, inashika mchanga. Oili chafu ya injini haifai pia, ingawa fundi wa kijiweni anaitumia kila siku. Ina unga wa chuma ndani yake.

Tazama meno ya sproketi. Yakiwa yamepinda kama pembe za ng'ombe, badilisha sproketi zote mbili pamoja na cheni. Ukiweka cheni mpya kwenye meno ya zamani umetupa fedha. Na ile klipu ndogo ya kiungo: upande wake uliofungwa utangulie kule cheni inakokwenda. Ikiwekwa kinyume inaweza kuchomoka.

Breki na mteremko wa Magara

Hapa tunaomba msome polepole.

Nchi yetu imekaa ukingoni mwa Bonde la Ufa. Anayetoka Mbulu kwenda Babati kwa njia ya Magara anajua mteremko ule. Wapo wanaozima injini au kuweka fri ili wabane petroli. Petroli wanayobana ni ya shilingi chache. Lakini sasa uzito wote wa pikipiki, abiria na gunia unashikwa na breki peke yake. Breki zinapata moto. Zikipata moto sana hazishiki tena, hata ukanyage mpaka mwisho. Fundi akizipima jioni, zikiwa zimepoa, atasema ni nzima.

Teremka na gia ndogo, injini ikiwaka. Injini yenyewe inakuvuta nyuma. Tumia breki ya mbele na ya nyuma pamoja, ukiachia na kushika, usikandamize muda wote. Ukisikia harufu ya kuungua, simama.

Kabla ya safari, kanyaga breki ya nyuma. Ikishuka zaidi ya sentimita 3 kabla ya kushika, ikaze. Pikipiki nyingi zina mshale mdogo pale kwenye breki. Mshale ukipita alama wakati umekanyaga, kitambaa cha breki kimekwisha, na kukaza hakusaidii tena. Badilisha. Ukifungua, usipulize vumbi lile kwa mdomo, ni baya kwa mapafu. Futa kwa kitambaa kibichi. Masika, ukishavuka mto au tope, endesha taratibu ukigusa breki mara kadhaa zikauke. Na tope lililojaa chini ya madigadi litoe kwa kijiti.

Matairi hatuyasemi sana. Upepo kwa pikipiki nyingi ni 25 mbele na 28 nyuma, na 32 nyuma ukiwa na abiria. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Gonga spoki kwa spana. Inayolia tofauti na wenzake imelegea.

Nani anunue oili?

Pikipiki nyingi hapa haziendeshwi na mwenyewe. Mama amenunua, kijana anaendesha, jioni analeta hesabu. Kijana anasema oili ni kazi ya mwenye mali. Mama anasema anayeendesha ndiye anayejua. Mwezi unapita. Injini inagonga, na hapo ugomvi unaingia katika ukoo.

Ushauri wetu ni kukubaliana kabla ya kukabidhiana ufunguo, na kuandika ukurasa wa kwanza wa daftari. Kwa mfano: "Oili na cheni, mwenye mali. Petroli na pancha, dereva. Kupima kila asubuhi, dereva." Wote wawili watie sahihi. Kila kazi ikifanyika iandikwe siku hiyo hiyo, hivi:

Tarehe 4 Machi. Kilomita 48,250. Oili mpya lita 1, cheni imekazwa. Shilingi (andika ulizolipa).
Tarehe 11 Machi. Kilomita 48,690. Cheni imesafishwa, chujio limeoshwa. Shilingi 0.

Usione haya kuandika sifuri. Sifuri ile ni kazi uliyoifanya kwa mikono yako bila kumlipa fundi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika mfano wa daftari hapo juu, oili ilibadilishwa kilomita 48,250. Ikiwa hairuhusiwi kupita kilomita 1,500, ibadilishwe tena saa ikisoma ngapi?
2. Dereva ametia petroli lita 28 tangu oili ibadilishwe. Kwa kilomita 40 kila lita, zimebaki kilomita ngapi kabla ya kubadilisha oili?
3. Uliza fundi bei ya oili lita moja na bei ya kutengeneza injini iliyokufa. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Umepata oili ngapi?
4. Katika kijiji chenu ni mteremko gani ambao watu huteremka na fri? Nani atakwenda kuzungumza na vijana wa kijiwe cha hapo, na lini?