Kitasa na Baraza

Wasomaji wetu wengi hawajapata kufika Mbweni, kwa hiyo yafaa kwanza tuwaeleze ni mahali gani. Ni kusini ya mji wa Unguja, ukingoni mwa bahari, si mbali na uwanja wa ndege. Mwaka 1871 wamisionari Waanglikana wa UMCA walinunua shamba huko, na miaka michache baadaye wakawakalisha humo watumwa waliokwisha kuwekwa huru. Kanisa lao la Mtakatifu Yohane na magofu ya shule yao ya wasichana yangalipo. Siku hizi Mbweni ni mtaa wenye nyumba kubwa, bustani, kuta ndefu na malango ya chuma. Twataja habari zake kwa sababu mitaa ya namna hiyo yazidi kuongezeka katika nchi yetu, Dar es Salaam, Arusha na Mwanza pia, na jamaa nyingi za Kikristo zakaa humo zikidhani ya kuwa ukuta watosha.

Linganisheni na Mji Mkongwe. Huko nyumba zimebanana, vichochoro ni vyembamba, na nje ya nyumba nyingi pana baraza ya mawe. Wazee hukaa barazani wakinywa kahawa, akina mama husikia kila mlio wa hatua chini ya dirisha, na mtu asiyejulikana hawezi kufika mbali pasipo kuamkiwa. Wageni husifu sana milango ile ya kuchonga yenye misumari ya shaba. Walakini mlinzi wa kweli wa nyumba zile ni baraza ya jirani. Ukuta wa Mbweni wamzuia jirani asione, na mwivi akisha kuuruka, wamficha yeye.

Taa nazo zisitutie usingizi. Unguja hupata umeme kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, unaofika nchi kavu upande wa Fumba. Mwaka 2008 umeme ulikatika kisiwani kwa muda wa karibu mwezi mzima. Kisha ukakatika tena tangu Desemba 2009 hata Machi 2010. Waya mpya ulilazwa mwaka 2013, na hali imekuwa njema zaidi, lakini aliyekaa gizani miezi mitatu ajua ya kuwa taa ya lango na king'ora si kitu siku kama hizo. Huko ndiko kujua thamani ya jirani anayeweza kuitika akiitwa.

Mwivi wa nyumba haanzi kazi yake usiku. Huanza mchana, tena kwa macho. Hupita akiuliza habari za chuma chakavu, au hubisha hodi akimtaja mtu ambaye hakupata kukaa hapo, ili ajue tu nani ataitika. Hutazama uwanja ambao haukufagiliwa siku tatu, nguo zilizolala kwenye kamba, mwembe uliotupa tawi lake juu ya ukuta. Ajua saa za kila mtu: Jumapili wakati wa Misa, Ijumaa adhuhuri, usiku wa tarawehe, siku ya msiba nyumba zote zinapobaki tupu. Majira ya kaskazi, joto linapowafanya watu kulala madirisha wazi, hupenyeza mti mrefu wenye ndoana katikati ya nondo, akavuta suruali pamoja na simu iliyomo mfukoni. Wala hana haja ya kuja na vyombo vyake, maana ngazi na panga la bustani ameachiwa nje. Watoto nao hutoa siri bila kujua, mgeni anapoambiwa langoni, "Baba amekwenda Pemba mpaka Jumatatu." Tuwafundishe kujibu kwa adabu pasipo kutoa habari za nyumba.

Lakini hapa twaogopa jambo jingine, na kwetu sisi ni zito kuliko kupotewa na redio. Tukilindana kwa ajili ya amri ya saba, tusije tukaivunja ya nane. Kitu kikipotea, wa kwanza kushukiwa ni mtumishi wa nyumbani. Wa pili ni kijana aliyetoka mbali, ambaye lafudhi yake si ya hapa. Je, ushahidi uko wapi? Sauti moja ikipaza "Mwizi!", katika nchi yetu yaweza kuwa hukumu ya kifo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimehesabu mamia ya watu waliouawa na makundi ya watu katika mwaka mmoja, na waliokufa hivyo hawakupata nafasi ya kusema neno mbele ya hakimu. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985 humruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, na humtaka amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Kumpiga hakumo. Simu ya polisi ni 112. Huko Unguja kila shehia ina sheha wake, na ni vema anayehamia ajitambulishe kwake mapema. Sisi twaongeza kwamba ajitambulishe pia kwa nyumba ya kulia na ya kushoto, jambo ambalo wakubwa wengi wa mitaa hii huliona kuwa la kujishusha.

Tulipokwenda Mbweni tulikuwa hatukuvaa kanzu, na nyumba tuliyoitafuta tuliipoteza. Mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza vitumbua kivulini alitutazama, kisha akasema, "Mwanangu, naona wapita mara ya tatu. Wamtafuta nani?" Tulimwamkia, tukamtajia jina. Akamwita mjukuu wake atupeleke. Mtoto yule alisimama nasi langoni, wala hakuondoka mpaka mwenye nyumba alipotoka na kutuita kwa jina letu.