Rangi ya Nyuma Katika Hadubini: Kuchunguza Viluwiluwi vya Mbu Kilombero

Mpiga picha wa studio atakaye kumtenga mteja wake na ukuta hufunika taa ya nyuma kwa karatasi angavu ya plastiki yenye rangi. Ukuta hupata rangi hiyo, naye mteja hubaki na rangi yake, kwa kuwa amemulikwa na taa nyingine. Hadubini yaweza kutumiwa kwa kanuni iliyo karibu na hiyo, na katika bonde la Kilombero faida yake hupita urembo wa picha.

Tangu Rudolf Geigy wa Basel alipoanzisha maabara Ifakara mwaka 1957, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, mji huo umejulikana kwa uchunguzi wa malaria na mbu. Mwanafunzi achotaye maji katika majaruba ya mpunga aweza kupata viluwiluwi vya Anopheles, mbu wa malaria, pamoja na vya Culex. Majini si vigumu kuvitofautisha: cha Culex huning'inia kichwa chini, kikipumua kwa mrija, cha Anopheles hakina mrija, hulala sambamba na uso wa maji. Matata huanza chini ya hadubini. Mwili ni angavu kama kioo, na nuru itokayo chini huupenya ikafifisha vinyweleo vya mgongoni vyenye umbo la kiganja, ambavyo hukisaidia kukaa hivyo majini.

Mwaka 1896 Julius Rheinberg alieleza, huko Uingereza, njia ya kuondoa shida hiyo. Hukatwa kisahani cha plastiki angavu: katikati duara la buluu iliyokolea, pembeni pete ya manjano. Huwekwa chini ya lenzi ikusanyayo nuru. Nuru ya buluu huingia moja kwa moja katika lenzi ya juu, ikawa rangi ya nyuma. Ile ya manjano huja kimshazari na kuikosa lenzi, isipokuwa igongapo kinyweleo ikapindishwa. Hivyo kiluwiluwi huonekana cha manjano juu ya buluu.

Kipimo cha duara ndicho kiini cha kazi. Kwa lenzi ya kukuza mara 10, ng'oa lenzi ya jicho, tazama ndani ya bomba, kisha funga kiwambo cha nuru mpaka ukingo wake uanze tu kuonekana. Upana wa tundu la kiwambo ndio upana wa duara, au duara lizidi kidogo. Likiwa dogo mno, manjano hufurika kila mahali. Buluu ikiwa hafifu, zipachikwe karatasi mbili; hata karatasi za pipi zafaa, mradi taa isiwe ya moto mkali.

Hata hivyo rangi hizi hazitenganishi Anopheles arabiensis na nduguye Anopheles gambiae. Hao hufanana kabisa kwa umbo, na hutambuliwa kwa kupima chembe za urithi katika maabara.