Mkazo: Istilahi Moja, Taaluma Mbili

Katika isimu, mkazo ni shadda. Katika mekanika, ni kani ya ndani ya kitu ikigawanywa kwa eneo inamopita. Uchukuliwe mfano wa ngamia wa Hulugho, Garissa: uzito ukibaki ule ule na eneo la wayo likawa maradufu, mkazo wa wastani hupungua kwa nusu. Hata hivyo, mafuta, ngozi na kano za wayo havinyumbuki sawa; ndiyo maana kompyuta huugawa katika vipande vidogo vingi, huunganisha milinganyo ya vipande hivyo na kuitatua kwa pamoja, kisha hukokotoa mkazo wa kila kimoja. Mwanafunzi asiyetenganisha mkazo na uzito atakariri kanuni bila kuielewa. Kwa hiyo, kufasili istilahi si pambo la somo; ni somo lenyewe.