Dondoo muhimu: Mitihani imekwisha, na uko London

Kwanza lala. Mwili uliokesha na vitabu unadai haki yake.

Kisha toka. Mwezi Juni jua la London huzama baada ya saa tatu usiku, na British Museum, National Gallery na Tate Modern hazitozi kiingilio, isipokuwa kwa maonyesho maalumu. Beba chapati ulizokunja na mayai, ukale kwenye nyasi za Hyde Park. Migahawa ya makumbusho ni ghali mno kwa mwanafunzi.

Unataka kwenda mbali? Kadi ya treni ya vijana wa miaka 16 hadi 25 hupunguza nauli nyingi kwa theluthi moja.

Mpigie mama mapema: saa mbili usiku kwako, Dar ni saa nne.