Uchungu wa Mbege: Maswali ya Wapishi Wapya wa Holili

Vijana wa Holili wanaovuka mpaka wa Taveta kwenda Kenya wameonja bia za hopsi za viwanda vidogo vya Nairobi, na sasa wanataka pombe chungu ya kupika nyumbani. Mimi ni mpishi wa miaka mingi wa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na bia za hopsi nazijua. Haya ndiyo maswali waliyoniletea.

Shikamoo mama. Ile bia chungu yenye harufu ya maganda ya chungwa naweza kuipika hapa bila kuagiza hopsi?

Marahaba, mwanangu. Ile yenyewe, hapana. Harufu ile iko kwenye mafuta ya ua la hopsi. Aina inayoitwa Cascade, iliyotolewa Marekani mwaka 1972, ndiyo iliyowazoesha watu kuitafuta kwenye bia. Uchungu ndio tunao: gome la msesewe, ambalo Wachaga hulitia kwenye mbege tangu enzi za mababu. Anza na hilo. Aliyejua kuupima uchungu wa msesewe, siku akipata hopsi hatapotea.

Kwa nini tusipande hopsi wenyewe?

Mmea huo hutaka siku ndefu za kiangazi ndipo utoe maua vizuri. Sisi tuko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na mchana wetu ni saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Hata Afrika Kusini, wanakozilima pande za George, ilibidi watafute mbegu zinazovumilia siku fupi.

Msesewe unatiwa wakati gani? Nimesoma kwamba hopsi hutiwa mara mbili.

Hopsi za uchungu huchemshwa karibu saa nzima, kwa sababu asidi zake hazigeuki kuwa chungu mpaka zipate moto wa muda. Hizo za harufu hutiwa mwishoni, au bia ikishapoa, maana mvuke huondoka na harufu. Msesewe hauna harufu ya kuhofia kupotea, kwa hiyo mara moja inatosha.

Wakati wake utauona ukifuata hatua za mbege. Kwanza ndizi: ziive mpaka ganda lianze kuwa jeusi, zichemshwe hadi zibadilike rangi, kisha ziachwe siku kadhaa zichachuke. Hiyo ndiyo nyalu. Pembeni unakuwa na kimea cha ulezi: umeloweka, umefunika mpaka kimechipua, umeanika na kusaga. Kimea hupikwa uji, ndio mso, na gome lililokaushwa na kupondwa huingia hapo. Usiukimbize moto uji ukiwa bado wa vuguvugu, kwani wakati huo vimeng'enya vya kimea vinageuza wanga kuwa sukari; ukichemka, kazi yao imekwisha. Mso ukipoa, changanya na nyalu iliyochujwa, uache usiku mmoja. Huku chini kuna joto kuliko Mkuu au Mwika, kwa hiyo pombe inakwenda mbio. Weka chombo mahali penye ubaridi.

Kipimo cha msesewe ni kipi? Kila mama ananiambia chake.

Na kila mama anasema kweli, kwa gome lake. La mti mkubwa na la mti mchanga hayalingani, wala bichi na kavu. Ndiyo maana sipendi kipimo cha konzi. Chemsha gome peke yake kwenye maji, uchuje, upate maji machungu. Chukua lita moja ya mbege isiyo na msesewe, uigawe kwenye vikombe, na kila kikombe ukitilie maji yale kwa kijiko cha chai: kimoja hakuna, kingine kijiko kimoja, kingine viwili, vitatu. Andika namba kwa mkaa chini ya kikombe. Ukishapata kikombe kinachokupendeza, piga hesabu ya pipa zima. Ni kazi ya nusu saa, na inaokoa ndizi za wiki nzima.

Tahadhari mbili. Msesewe ni wa ukoo mmoja na mmea wa India uliotoa reserpini, dawa ya kushusha shinikizo la damu iliyotengwa mwaka 1952. Mwenye dawa za shinikizo asiuguse, na mjamzito asinywe pombe kabisa. Ya pili, usilizungushie panga shina lote, mti utakufa. Bandua upande mmoja tu.

Nikiwaita wapishi wenzangu waonje, wote wanasema ni nzuri. Nifanyeje?

Umewapa kwa desturi ya ugeni. Mpishi anaonja kwanza, anapokeza kata, mzee anasifu, na baada ya hapo hakuna kijana atakayempinga. Desturi hiyo naiheshimu, lakini si ya siku ya kupima. Siku hiyo waite wapishi wachache, wawe hawajavuta sigara wala kula pilipili, wape maji ya kusukutua, kisha mdogo aseme kwanza.

Usiulize kama ni nzuri. Uliza ulimi umekutana na nini mwanzo, na nini kimebaki baada ya kumeza. Uchungu hukawia, tena hujilimbikiza, kwa hiyo funda moja halitoshi. Muulize kila mmoja kama anacholalamikia ni uchungu au uchachu, kwa sababu ukipunguza msesewe kwenye mbege iliyochachuka utabaki na pombe chachu isiyo na kitu cha kuisimamisha.

Mpe pia kila mmoja vikombe vitatu, viwili vya pombe moja na cha tatu tofauti, akitafute kilicho tofauti. Asipokiona, maoni yake juu ya tofauti hiyo usiyabebe sana siku hiyo.

Mmoja alionja jioni akasema haina uchungu. Mwenzake alionja kesho yake, akasema ni chungu kupita kiasi. Nimsikilize nani?

Wote wawili. Jioni ile sukari ya ndizi ilikuwa bado nyingi na iliufunika uchungu. Usiku sukari imeliwa, msesewe ukabaki ulivyo. Hakuna aliyeongeza gome. Kwa hiyo waonjaji wote waonje saa ileile, nayo iwe saa utakayoiuza au kuwapa wageni. Ukipima pombe changa, ongeza kidogo kuliko ulimi unavyoomba.

Naweza kuifunga kwenye chupa nimpelekee kaka Moshi mjini?

Usifanye hivyo. Mbege haijamaliza kuchachuka, na gesi itapasua kioo mkononi mwa mtu. Mpelekee kwenye dumu safi la chakula, kifuniko kikiwa kimelegezwa, asubuhi ileile, na ainywe siku hiyo.