Chakula cha Mwenzako
Somo kwa waalimu wa watoto wadogo

Somo hili twawaandikia hasa ninyi mnaofundisha watoto wadogo siku ya Jumapili. Zamani watoto wa darasa moja kijijini walikuwa karibu wote wa kabila moja, na chungu cha huyu kilifanana na chungu cha yule. Siku hizi katika miji yetu, kama Moshi na Tanga, Mchaga huketi benchi moja na Mhaya, Mpare, Mmasai na Msambaa. Mtoto wa miaka mitano hajui bado habari za mila za wenziwe, lakini ajua sana wanachokula. Basi hapo kwenye chakula ndipo aanzapo kuheshimu watu, na hapo hapo ndipo aanzapo kuwadharau.

Twaungama kosa letu wenyewe. Jumapili moja mtoto aliyehamia kutoka Bukoba alileta senene katika karatasi, apate kuwagawia wenziwe. Wakapiga kelele, "Anakula panzi!" Nasi tuliosimama mbele yao tukacheka. Cheko letu lilikuwa dogo, walakini watoto waliliona, likawa ruhusa kwao. Yule mtoto akakunja karatasi yake, akaitia mfukoni. Jumapili tatu hakuja.

Tulipokwenda kwao, mama yake hakutulaumu. Alituambia, "Karibu, mchungaji, onja cha kwetu," akatuletea senene katika kisahani. Tukala. Ndipo tulipoona haya, kwa maana majuma machache kabla ya hapo tuliwafundisha watoto wale wale habari za Yohana Mbatizaji aliyekula nzige nyikani, wala hapana aliyecheka. Tuliheshimu chakula cha nabii wa mbali, tukadharau cha mtoto aliyeketi mbele yetu.

Tangu siku ile twafuata mambo matano.

1. Mwenye chakula ndiye mwalimu. Tulimwomba mama yule aje darasani pamoja na mwanawe. Akaeleza kwamba senene huja kwa makundi majira ya mvua, hasa Novemba na Desemba. Kwamba hufuata mwanga wa taa usiku. Kwamba hunyonyolewa mabawa na miguu, kisha hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, au hukaushwa wapate kukaa siku nyingi. Mtoto wake akaonyesha kwa vidole jinsi ya kunyonyoa. Kama tungalieleza sisi, angalibaki kitu cha kutazamwa. Alipoeleza yeye, alikuwa mwalimu.

2. Ulizeni chakula kimetengenezwaje. Watoto husema upesi, "Kinanuka!" Msiwakemee tu, bali waongozeni kutoka kwenye harufu mpaka kwenye kazi. Muhogo mchungu una sumu. Wanaoutumia huumenya, huuloweka au huuvundika siku kadhaa, huuanika juani, ndipo huutwanga uwe unga. Ile harufu ambayo mtoto aichukia ni alama ya kazi ya mama aliyeiondoa sumu nyumba yake isidhurike. Vivyo hivyo maziwa ya Wamasai hunukia moshi kwa sababu kibuyu husafishwa ndani kwa kijinga cha mti kama mzeituni wa mwitu, na moshi huo husaidia maziwa yasiharibike upesi. Palipo na harufu ngeni, mara nyingi pana akili ya watu.

3. Wasimulieni safari ya chakula. Mchaga husema ndizi ni zake, na Mhaya husema ni zake. Wote wawili wamezitunza vizuri, lakini asili yake ni Asia ya kusini-mashariki, nazo zilivuka bahari zamani sana. Mahindi yalilimwa kwanza Meksiko. Jina letu lataja Uhindi, ingawa hayakutoka huko. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na baada ya hapo mazao hayo ya ng'ambo yakaanza kuenea kwetu. Kabla yake babu zetu walisonga ugali wa mtama, uwele na ulezi, ambazo ni nafaka za Afrika yenyewe. Basi mtoto anayejivunia ugali wa mahindi na ajue kwamba nao ulikuwa mgeni, ukakaribishwa.

4. Mtu asilazimishwe kula. Wako watoto ambao miili yao hukataa chakula fulani, kama karanga, hata wakaugua sana. Na katika nyumba nyingine chakula fulani ni mwiko. Waulizeni wazazi kabla ya somo. Mtoto asiyetaka kuonja afundishwe kusema, "Ahsante, nimeshiba kwa macho," bila kukunja uso. Heshima haimo katika kumeza tu.

5. Msiwafungie watu katika chungu kimoja. Tukisema, "Wamasai hunywa damu," na tukaishia hapo, tumefundisha nusu ya habari, na nusu hiyo hudhuru. Wamasai wengi leo hula ugali na wali kama majirani zao. Semeni, "Mama wa mwenzetu hupika hivi," nanyi mtakuwa mmesema kweli.

Je, siku ile mama alipokuja, watoto wote walipenda senene? La. Wawili walionja wakaomba tena, mmoja alitema, wengine walikataa. Lakini yule aliyepiga kelele kuliko wote Jumapili ile ya kwanza alisogea karibu, akamwuliza mwenziwe, "Mabawa unayatoaje yasikatike?" Wakainamisha vichwa pamoja juu ya kisahani. Sisi tulinyamaza, maana somo lilikuwa limekwisha kufundishwa.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano wa waalimu:

Ni chakula gani tulichokicheka utotoni, na ni nani aliyetusikia?

Katika darasa letu, ni mtoto gani afichaye chakula chake?

Mama au bibi yupi aweza kuja kutufundisha mwezi ujao?