Muziki wa Filamu na Hisia za Mtazamaji: Somo kwa Watoa Elimu ya Afya

Filamu husimulia kwa picha na maneno, lakini muziki ndio unaomwelekeza mtazamaji namna ya kuyapokea. Nguvu hiyo yafaa ieleweke na kila anayetumia filamu kuelimisha wagonjwa.

Mfano mashuhuri ni filamu ya Jaws, iliyoongozwa na Steven Spielberg mwaka 1975. Papa wa bandia aliyetengenezwa kwa ajili yake aliharibika mara kwa mara, hivyo katika sehemu kubwa ya hadithi haonekani. Nafasi yake ilichukuliwa na muziki wa John Williams: noti mbili zinazopokezana, kwanza polepole, kisha kwa kasi. Mtazamaji hujifunza upesi kwamba zikisikika, papa yu karibu. Watoto wawili wanapowatisha waogaji kwa pezi la bandia, muziki huo hausikiki. Muziki, basi, ni msimulizi ajuaye yasiyoonekana.

Mwili nao huitikia. Sauti za kutisha huweza kuamsha amigdala, sehemu ya ubongo inayoshiriki katika kutambua hatari. Moyo huenda mbio, pumzi hubadilika, viganja hutoa jasho. Mtazamaji anajua kuwa yu salama kitini, lakini mwili wake umekwisha kujiandaa kukimbia.

Hapa ndipo penye funzo. Filamu inayohimiza upimaji wa kifua kikuu ikimwonyesha mgonjwa akiingia maabara huku muziki wa kutisha ukipigwa, maneno yatasema “njoo”, na muziki utasema “kimbia”. Anayechelewa kupima huchelewa kutibiwa ugonjwa unaotibika, na huweza kuwaambukiza wa nyumbani kwake. Hofu, ikihitajika, iambatane na kupuuzwa kwa dalili, si na mlango wa kliniki wala sura ya mgonjwa.

Kabla ya kuonyesha filamu, mhudumu wa afya afanye yafuatayo:

1. Aitazame bila sauti na kuandika ujumbe alioupata.
2. Aitazame tena pamoja na sauti, na kulinganisha.
3. Awaulize watazamaji wachache walichohisi, si walichoelewa tu.

Mgonjwa naye, akihisi moyo ukimwenda mbio, apunguze sauti na kuyasikiliza maelezo upya. Hofu iliyoletwa na muziki si ushahidi kwamba kipimo kina madhara. Maswali yaliyobaki ayapeleke kwa mhudumu wake.